Kiti ni cha Nani? Kisa cha Mgombea Binafsi Tanzania

Fomu ya kuomba uteuzi wa ubunge Tanzania si ngumu kuijaza. Unaandika jina, umri, kazi na jimbo. Unatafuta wapiga kura wasiopungua 25 wa jimbo hilo wakudhamini, kila mmoja na namba ya kadi yake na saini yake. Unakwenda kwa hakimu kuapa kwamba sifa unazo. Yote hayo mtu mwenye miguu miwili na marafiki wachache atayamaliza kwa siku mbili. Inabaki sehemu moja tu asiyoweza kuijaza kwa nguvu zake, ile ya uthibitisho wa chama: jina la katibu, saini yake na muhuri wake. Isipojazwa hiyo, wadhamini 25 na kiapo cha hakimu havina kazi.

Sharti hilo halikuanzia kwenye fomu. Limo ndani ya Katiba. Ibara ya 67(1)(b) inataka mtu anayetaka ubunge awe "mwanachama na ni mgombea aliyependekezwa na chama cha siasa", na Ibara ya 39 inamwekea mgombea urais sharti la namna hiyo hiyo. Soma tena kipande hicho, maana kina masharti mawili. Uanachama peke yake hautoshi, lazima pia chama kikupendekeze. Unaweza kuwa na kadi ya chama kwa miaka 40, ukalipa ada kila mwezi na ukaongoza kwenye kura za maoni za chama, halafu kikao kimoja cha usiku mkakatwa wewe na kura zako. Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa aliyetaka mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama, aruhusiwe, alihangaika na maneno hayo machache kwa miaka 20, kutoka Mahakama Kuu Dodoma mpaka mahakama ya bara zima iliyoko Arusha. Alishinda mara tatu. Hakuna hata ushindi mmoja uliompitisha mgombea yeyote.

Kabla ya kesi kuna historia ambayo mara nyingi inarukwa. Tanganyika iliwahi kuwa na mbunge asiyepitishwa na chama. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, vingi vyake bila kupingwa. Kiti kilichobaki ni cha Mbulu. TANU ilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, naye mwana TANU, hakukubali, akasimama mwenyewe dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake na akamshinda. Ndiyo sababu tukizungumzia mgombea binafsi nchini mwetu ni kosa kumwazia mtu wa pembeni asiye na chama wala itikadi. Wa kwanza kuingia kwa mlango huo alikuwa mwanachama aliyeona chama chake kimechagua vibaya, na wapiga kura wakamuunga mkono.

Mlango huo ulifungwa mapema. Ulipokuja mfumo wa chama kimoja mwaka 1965, mpiga kura aliletewa majina mawili, yote ya TANU, moja likiwa na alama ya jembe na jingine ya nyumba. Ushindani ulikuwepo, na mawaziri kadhaa walianguka. Ila majina hayo mawili yalichujwa na vikao vya chama kabla hayajamfikia mwananchi. Wapiga kura walichagua baada ya chama kuchagua. Mfumo wa vyama vingi ulipoingia mwaka 1992 vyama viliongezeka, lakini mchujo haukuondoka. Mabadiliko ya nane ya Katiba yaliweka sharti la chama, na mwenye ufunguo wa mlango akabaki kuwa chama.

Mtikila ndipo alipoingia. Wengi wanamkumbuka kwa mikutano yake na kwa maneno makali yaliyomfikisha polisi na mahakamani mara kadhaa. Kwenye kisa hiki jambo la maana ni jingine: chama chake, Democratic Party (DP), kilinyimwa usajili. Sheria ya vyama ilitaka chama kiwe na sura ya Muungano, chenye wanachama pande zote mbili. Yeye alikuwa akihubiri kurudi kwa Tanganyika na hakutaka kwenda kutafuta wanachama Zanzibar. Kwa hiyo mwaka 1993 alijikuta kwenye kona. Bila chama hakuruhusiwa kugombea, na chama alichokitaka kilikataliwa. Ningependa wanaosema hoja ya mgombea binafsi ni nadharia ya wanasheria waanzie hapo. Huyu alikuwa raia aliyekosa njia.

Akafungua kesi Dodoma, yenye madai mengi zaidi ya hili moja. Ilifika mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira. Hukumu ilitoka tarehe 24 Oktoba 1994, na sehemu yake kuhusu vibali vya polisi kwa mikutano ya hadhara ingestahili makala yake. Kuhusu wagombea, Jaji aliona ibara mbili za Katiba moja zinavutana. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, na Ibara ya 20 inakataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama chochote. Upande wa pili kuna ibara zinazosema bila chama huchaguliwi. Lugakingira hakuzifuta hizo za pili. Alizisoma kwa namna ya kuiacha haki ya msingi isimame, akatamka kwamba ni halali wagombea binafsi kushindana na wale wa vyama katika urais, ubunge na udiwani. Akaongeza tahadhari moja ambayo kwangu inamwonyesha jaji aliyejua yuko duniani: tamko hilo lisihusu uchaguzi wa madiwani uliokuwa umebakiza siku chache.

Wakati Jaji akiandika, Serikali nayo ilikuwa ikiandika. Kabla hukumu haijasomwa, muswada wa kubadili Katiba ulikuwa umeshafikishwa bungeni, na tarehe 2 Desemba 1994 Bunge likaupitisha. Ukawa Sheria Namba 34 ya 1994, mabadiliko ya kumi na moja. Ujanja wake ulikuwa kwenye Ibara ya 21, ile aliyoitegemea Jaji. Mwanzoni mwake paliongezwa maneno yanayoanza na "Bila ya kuathiri masharti ya ibara ya 39, ya 47 na ya 67". Haki ya kushiriki ikawekwa chini ya sharti la chama badala ya kuwa juu yake. Jaji alitumia ibara moja kuilainisha nyingine, Bunge likaenda kwenye ile ibara yenyewe na kuifunga kamba. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amestaafu na ambaye ndiye aliyejenga chama kimoja, alilipinga jambo hilo hadharani. Hakusikilizwa.

Uchaguzi wa 1995 ukapita, na wa 2000 nao. DP ilipata usajili wa kudumu mwaka 2002, na mwaka 2005 Mtikila aligombea urais kwa chama chake akaambulia kura zisizofika asilimia moja. Mwaka huo huo alirudi mahakamani. Wapo waliomshangaa: sasa una chama, unadai nini tena? Jibu lake lilikuwa kwamba haki haipotei kwa sababu umejibanza mahali pa kupitia. Ukimfungia mtu mlango wa mbele akaingilia dirishani, bado mlango umeufunga.

Safari hii walikaa majaji watatu wa Mahakama Kuu, Amir Manento aliyekuwa Jaji Kiongozi, Salum Massati na Thomas Mihayo. Tarehe 5 Mei 2006 wakaamua kwamba mabadiliko ya 1994 yanakwenda kinyume na haki za msingi zilizomo katika Katiba hiyo hiyo, wakaielekeza Serikali iweke utaratibu wa kisheria wa wagombea binafsi kabla ya uchaguzi mkuu uliofuata. Huo ulikuwa ushindi wa pili.

Mwanasheria Mkuu alikata rufaa. Mahakama ya Rufani ilikaa na majaji saba wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, jambo linaloonyesha uzito wa shauri, kwa kuwa kwa kawaida rufaa husikilizwa na majaji watatu. Uamuzi ulitoka tarehe 17 Juni 2010, miezi minne kabla ya uchaguzi. Watu walikuja kuusimulia kwa sentensi moja, kwamba mahakama imekataa mgombea binafsi. Si hivyo hasa. Swali ambalo majaji hao walijiuliza lilikuwa je, mahakama inaweza kusema ibara ya Katiba ni kinyume cha Katiba? Mahakama ya Juu kabisa ya India iliwahi kusema mwaka 1973, katika kesi ya Kesavananda Bharati, kwamba Katiba ina nguzo ambazo hata Bunge haliwezi kuzing'oa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania haikuifuata njia hiyo. Ilisema ibara iliyopitishwa kwa utaratibu wa kubadili Katiba uliomo katika Ibara ya 98 ni sehemu ya Katiba sawa na nyingine zote, na kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge.

Ningekuwa mwalimu wa sheria ningetetea hoja hiyo, maana majaji wanaojipa mamlaka ya kufuta Katiba hawaishii kwenye ibara unazozichukia wewe. Lakini majaji wenyewe hawakuonekana kuridhika na walikofikia. Mwishoni mwa uamuzi walitoa ushauri kwa Mwanasheria Mkuu na Bunge, wakiwakumbusha maoni ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1996 kwamba haki ya kugombea isibanwe isivyo halali kwa kumtaka mgombea awe mwanachama wa chama. Wakaiomba nchi iyatafakari maoni hayo kwa uzito. Mtu asiyeona tatizo hatoi ushauri wa namna hiyo. (Baadaye Jaji Ramadhani mwenyewe, akiwa ameshastaafu ujaji mkuu, alichukua fomu ya CCM kuomba kugombea urais mwaka 2015. Jina lake halikupita kwenye mchujo wa chama.)

Baada ya Rufani hapakuwa na mahakama nyingine nchini. Lakini Machi 2010 Tanzania ilikuwa imeweka tamko la kuruhusu raia na asasi zake kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Mwaka 2011 zikafunguliwa kesi mbili zilizounganishwa, moja ya Mtikila na nyingine ya Chama cha Wanasheria Tanganyika pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Jaji Ramadhani, aliyekuwa tayari mmoja wa majaji wa mahakama hiyo, hakukaa kwenye shauri hilo, kwa kuwa jaji hasikilizi kesi ya nchi yake.

Hapo Serikali ililazimika kusema kwa kirefu kwa nini haimtaki mgombea binafsi. Ilizungumzia umoja wa taifa, muundo wa Muungano, hatari ya ukabila, na kwamba asiyekipenda chama kimoja ana vingine vya kuchagua. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama ikatoa hukumu, ya kwanza katika historia yake kuamua kiini cha shauri la haki za binadamu. Ilisema Tanzania imevunja haki ya kushiriki katika utawala, uhuru wa kujumuika, na haki ya kutobaguliwa na kuwa sawa mbele ya sheria. Juu ya uhuru wa kujumuika ilisema jambo ambalo ndilo uti wa mgongo wa kisa chote: uhuru wa kujiunga haupo kama huna uhuru wa kutojiunga. Hofu za umoja na ukabila mahakama haikuona zimethibitishwa kiasi cha kuhalalisha katazo zima. Mtikila aliomba pia fidia ya fedha. Mwaka 2014 alinyimwa, kwa sababu hakuleta uthibitisho wa gharama na hasara alizozidai. Serikali iliamriwa kubadili sheria ndani ya muda unaofaa na kuitangaza hukumu.

Ukiangalia kalenda, wakati ule haikuwa upuuzi kutumaini. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa na nafasi ya mgombea huru, jina lililochukuliwa badala ya binafsi. Hata Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu Oktoba 2014 baada ya sehemu nyingi za Warioba kunyofolewa, iliibakiza. Sharti la chama lilikuwa linakaribia kuondoka bila kesi yoyote. Kura ya maoni ya wananchi wote kuhusu Katiba hiyo ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijapigwa hadi leo. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari mkoani Pwani tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Novemba 2019 Tanzania ikaondoa tamko lake Arusha. Mchungaji mwingine akiamka leo hana njia aliyoipita Mtikila.

Mpaka hapa tumezungumzia kuingia bungeni. Kisa kina upande wa pili, kubaki bungeni, na huko mambo ni ya ajabu zaidi. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, kiti kinakwisha. Chama hakihitaji kwenda kwa wapiga kura kumwondoa mbunge. Kinahitaji kikao na barua kwa Spika. Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF walipoteza viti baada ya upande wa Profesa Ibrahim Lipumba kuwafukuza, huku upande mwingine wa chama hicho hicho ukisema kikao hicho si halali. Zitto Kabwe aliondoka bungeni Machi 2015 baada ya CHADEMA kumvua uanachama. Waliofanikiwa kubaki walikimbilia mahakamani. David Kafulila wa NCCR-Mageuzi na Hamad Rashid Mohamed wa CUF walifukuzwa na vyama vyao, mmoja mwishoni mwa 2011 na mwingine mwanzoni mwa 2012, wakaendelea kukaa bungeni kwa amri za mahakama.

Kisha likaja la wale 19. Novemba 24, 2020, Halima Mdee na wenzake 18 waliapishwa Dodoma kuwa wabunge wa viti maalumu wa CHADEMA. Chama kilisema hakikupeleka majina hayo, na siku tatu baadaye Kamati Kuu ikawafukuza. Mei 2022 Baraza Kuu likakataa rufaa zao. Wakaenda mahakamani, na Desemba 2023 Mahakama Kuu ikabatilisha uamuzi wa Baraza Kuu kwa sababu ya jinsi rufaa ilivyosikilizwa. Muda wote huo walikuwa ndani ya Bunge, na wakakaa mpaka muhula ulipokwisha mwaka 2025. Kila mtu achukue upande wake kuhusu haki na uhalali wa jambo lile. Mimi naona kitu kimoja: nchi inayosema haiwezi kuwa na mbunge asiye na chama ilikaa miaka karibu mitano na wabunge ambao chama chao kilisema si wake. Na hao hawakuwa wa jimbo, hakuna mpiga kura aliyeweka alama mbele ya majina yao. Sarwatt wa Mbulu, aliyechaguliwa na watu, asingeruhusiwa leo hata kurudisha fomu.

Kwa nini basi vyama vinang'ang'ania? Ukabila sidhani. Uganda ilikuwa na wabunge huru zaidi ya 70 katika Bunge lililochaguliwa 2021, na wengi wao ukiwachunguza walikuwa watu wa NRM, chama tawala, walioshindwa kwenye kura za maoni za chama, au walioona wameibiwa. Waliingia kwa njia yao, na wengi walipiga kura pamoja na chama walichotoka. Kenya, ambako Ibara ya 85 ya Katiba ya 2010 inaruhusu mgombea huru mwenye saini 1,000 za wapiga kura kwa Bunge la Taifa na asiyekuwa mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, wabunge huru kadhaa waliochaguliwa 2022 walikimbilia muungano wa William Ruto ndani ya siku chache. Nayasema haya kwa sababu watetezi wetu wa mgombea binafsi huwa wanamchora kama malaika. Si malaika. Mara nyingi ni mwanasiasa yule yule, aliyenuna. Lakini Wakenya waliweka jambo moja la haki: mbunge huru akijiunga na chama katikati ya muhula, naye anapoteza kiti. Kamba ni moja kwa wote.

Ambacho mgombea huru anaharibu ni nguvu ya kukata majina. Kama anayekatwa anaweza kurudi jimboni na kusimama mwenyewe, kikao cha chama kinakata kwa woga kidogo, kikijua wananchi wanaweza kukikatalia kama Mbulu. Hofu hiyo wanayo chama tawala na wapinzani pia, ingawa wapinzani hawapendi kuambiwa. Bila njia hiyo, aliyekatwa huhamia chama kingine ambacho pengine hakiamini. Luhaga Mpina, mbunge wa CCM wa Kisesa kwa miaka mingi, jina lake lilipokatwa mwaka 2025 alijiunga na ACT-Wazalendo, na ndani ya siku chache akawa mgombea wake wa urais, kabla hajaenguliwa. Mwaka huo huo CHADEMA haikushiriki uchaguzi baada ya Tume ya Uchaguzi kusema imekosa sifa kwa kutosaini kanuni za maadili, na watu wake wote wakakosa pa kupitia, maana chama kikitoka hakuna mwanachama anayeweza kubaki peke yake kwenye karatasi ya kura.

Uchaguzi huo uliendeshwa kwa sheria mpya ya mwaka 2024, na sharti la chama limo vile vile. Kuliondoa kunahitaji kubadili Katiba kwa theluthi mbili ya wabunge wote, na kila mbunge wa jimbo atakayepiga kura hiyo atakuwa ameingia kwa fomu yenye muhuri wa katibu wa chama chake.